Mume wangu kaahidiwa Labrador, mama mkwe hataki kumsikia mbwa

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, naishi Chukwani, Unguja, na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja ya Paje. Hulala huko huko kazini, nyumbani hurudi Alkhamis usiku na Jumamosi asubuhi akaondoka. Bosi wake ni mgeni kutoka Ulaya, na ana mbwa jike aina ya Labrador aliyezaa hivi karibuni. Sasa mkataba wake unamalizika, anarudi kwao, na watoto wa mbwa anawagawa kwa wafanyakazi anaowaamini. Mume wangu kapangiwa dume mmoja wa manjano iliyopauka. Ana wiki tano, na bosi anataka wote wawe wameshachukuliwa wiki hii kwa sababu wanamchafulia nyumba.

Chanzo cha yote ni wezi. Mwezi uliopita jirani yetu alivunjiwa, wakachukua televisheni, mtungi wa gesi na hata nguo zilizokuwa kwenye kamba. Sisi siku nyingi za wiki tuko wanawake na watoto tu, na mume wangu anasema mbwa mkubwa wa kizungu akiwepo uwani hakuna atakayeruka ukuta. Kanionesha picha kwenye simu na sitasema uongo, ni mzuri. Watoto wameshampa jina.

Tatizo ni mama mkwe. Mama ni mtu wa sala na Qur'ani, chumba chake kinafungukia uwani, na hapo uwani penye bomba ndipo anapotia udhu. Aliposikia habari hii alisema neno moja tu: “Mbwa akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma.” Tangu siku hiyo hajalirudia, lakini namuona hana raha. Mimi mwenyewe nimelelewa kuyaogopa mate ya mbwa, na najua kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Lakini pia kwetu Makunduchi nimekua nikiwaona wasasi, yaani wawindaji, na mbwa wao, na wanasali msikiti mmoja na sisi.

Nimwambie nini mume wangu, Somo? Kumfuga inajuzu? Atalinda kweli? Na nikikubali nitegemee nini, maana nasikia mbwa hawa wanakula nyama kila siku na wanatafuna kila kitu. Watoto wangu wana miaka 11, 7 na 3. Asubuhi mimi nipo skuli mpaka saa nane, wawili wakubwa nao wako skuli, mdogo hubaki na bibi yake.

Mama wa Watatu, Chukwani

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Nianze na la haraka. Wiki hii asichukuliwe, hata kama nyumba nzima mngekuwa mmeshakubaliana. Mbwa wa wiki tano bado anamuhitaji mama yake na ndugu zake. Kwao ndiko anakojifunza kuuma kwa kiasi: akimbana mwenziwe kwa nguvu, mwenziwe hulia na mchezo ukakatika, naye siku ya pili hulegeza meno. Anayetolewa mapema hulikosa funzo hilo, kisha huja kujifunzia kwenye mikono ya watoto wenu. Wiki nane ndiyo kauli ya wafugaji wanaojua kazi yao. Mumeo amwambie bosi wake hivyo kwa adabu. Kama ni mtu anayewapenda mbwa wake, atakubali. Na kama anaona taabu kuwavumilia wiki tatu zaidi, basi mumeo aangalie na mengine anayoambiwa juu ya mbwa huyo.

Rai yangu sasa. Kwa nyumba uliyonieleza, nasema msimchukue. Sisemi hivyo kwa sababu ni mbwa. Nasema kwa sababu ya mbwa wa aina hii, na kwa sababu ya asubuhi za nyumba yako.

Mumeo anatafuta mlinzi. Labrador asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, waliokuwa wakimtumia majini kuwaletea samaki walioponyoka na kamba za nyavu. Waingereza wakamchukua karne ya 19 wakamwendeleza kwa kazi ya kumfuata bata aliyepigwa risasi na kumleta mkononi mwa bwana wake bila kumponda, na mwaka 1903 chama cha wafuga mbwa cha huko kikamtambua rasmi kuwa ni aina yake peke yake. Kazi zote mbili hizo ni za kumpenda mtu na kumtii, na kwa muda wote huo waliozalishwa ni wapole. Ndiyo maana leo Labrador ndiye anayewaongoza vipofu na kunusa mabomu kwenye viwanja vya ndege, kazi za kukaa katikati ya watu wasiomjua. Mwizi akiruka ukuta wako, Labrador atabweka, kwa sababu ana sauti nzito na masikio mazuri. Baada ya hapo kuna uwezekano mkubwa akamwendea mwizi huku anatikisa mkia. Na hata huko kubweka usikutegemee mwaka wa kwanza. Kwa muda wote huo mtakaokuwa mnamlinda ni yeye.

Kubweka peke yake kuna faida, sikatai. Wezi wengi wa mitaani hukwepa nyumba yenye kelele. Lakini kama haja ni hiyo, mbwa wetu wa kienyeji aliyekwishakua, aliyechanjwa na kuzoeshwa watu, anaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, anakula kidogo na joto la hapa ni lake. Taa yenye kuwaka mtu akipita na vipande vya chupa juu ya ukuta navyo ni vya kufikiriwa, na havihitaji uji.

Sasa dini, na hapa mimi si shekhe, nenda kamuulize imamu wenu. Nitakwambia yale tuliyosoma chuoni sote. Sisi wengi wetu visiwani ni Mashafii, na kwa Imamu Shafii mbwa ni najisi nzito: alipogusa kwa mate, au kwa umaji wowote, panaoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Mkavu akigusa pakavu, najisi haihami. Malikii wao wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa ni twahara, lakini mkweo hakulelewa katika umalikii na huwezi kumwambia leo abadilishe madhehebu kwa ajili ya picha ya kwenye simu. Kumfuga bila haja kumekatazwa. Hadithi inasema hupungua thawabu za mtu kila siku kiasi cha qirati moja, nayo ni kipimo cha thawabu, na katika riwaya nyingine qirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wanavyuoni wengi wakakiasia hapo, yaani wakalinganisha na hayo, ulinzi wa nyumba. Wasasi wenu wa Makunduchi wamesimama juu ya ruhusa hiyo, na katika Suratul Maida aya ya nne mnyama aliyefunzwa kuwinda katajwa waziwazi. Watu wa Pangoni, wa Suratul Kahf, nao mbwa wao alilala mlangoni, na Mwenyezi Mungu kamtaja pamoja nao. Kumtendea wema mbwa ni jambo moja, kumweka ndani ni jambo jengine, na dini yetu imeyasema yote mawili.

Sasa angalia jambo linavyojifunga. Ruhusa mnayoitegemea ni ya ulinzi, na mbwa mnayeletewa si mlinzi. Halafu katika mbwa wote, huyu ndiye anayeishi kwa mdomo wake. Kwa kuwa kazi yake ya asili ni kubeba, atabeba: ndara za mama, kanga inayoning'inia kwenye kamba, kata ya kutilia udhu, ncha ya mkeka. Hatavibeba kwa ubaya. Atakuletea, vimelowa mate, akavitua miguuni kwako na kusubiri umsifu. Atamlamba mtoto mkono, na mtoto atakwenda kumshika bibi yake aliyekwishatia udhu. Mbwa mwengine ungeweza kumjengea banda nyuma akaridhika na banda lake. Labrador akifungwa peke yake nyuma ya nyumba hulia, huchimba, hutafuna mlango na mwisho huugua kwa upweke. Yeye anataka kuwa karibu na watu, na nyumba yenu inamtaka awe mbali. Upande mmoja lazima uumie, na mara nyingi anayeumia ni mnyama.

Na hizo asubuhi. Umeniandikia mwenyewe: mume Paje, wewe skuli, wakubwa skuli. Anayebaki na mbwa wa miezi miwili kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana ni mama mkwe, huku ana mjukuu wa miaka 3 mkononi. Yaani yule asiyemtaka ndiye atakayemlea. Mumeo hakulifikiria hili, nadhani, kwa sababu wanaume wetu wengi huifikiria nyumba kama walivyoikuta Ijumaa.

Hayo ndiyo yangu. Lakini nyumba ni yenu. Huenda mkakaa, mama akasikilizwa, akaridhia mwenyewe kwa moyo wake, na mkapata wa kushinda naye asubuhi, kaka yako au kijana wa jirani anayeaminika. Kama itakuwa hivyo, basi mjue mnachokipokea.

Mnapokea mnyama wa miaka kumi mpaka kumi na mbili, wengine huzidi. Binti yako wa miaka 3 atakuwa mwanamwali, na wa miaka 11 huenda atakuwa ana kazi yake Dar, na mbwa bado yupo, sasa mzee, miguu ya nyuma inamuuma, anahitaji dawa. Dume hufika kilo 29 mpaka 36. Huyo wa kwenye picha anayelala kwenye kiganja, akifika miezi sita ni kilo 20 na zaidi, na akili bado ni ya kitoto. Labrador huchelewa kutulia. Mpaka miaka miwili, wengine mitatu, bado anaparamia watu kwa furaha. Mtoto wa miaka 3 asiachwe naye peke yake hata dakika moja. Si rahisi amng'ate kwa hasira, ila atamwangusha kwenye sakafu ya saruji kwa mapenzi.

Wiki za mwanzo ni za kukosa usingizi. Usiku wa kwanza atalia, kwa kuwa hajawahi kulala bila ndugu zake. Mchana atalala sana, mwacheni. Kila akiamka, kila akimaliza kula na kila akimaliza kucheza, abebwe mpaka pale mlipomchagulia haja yake, asifiwe akishaifanya, na usiku mtu aamke amtoe. Akikojoa pasipo pake, pasafishwe na mambo yaishe. Kumpiga, au kumsugua pua kwenye mkojo kama wafanyavyo baadhi ya watu, kunamfundisha kujificha tu, na mtakuja kuugundua mkojo kwa harufu, nyuma ya kabati.

Kisha meno. Ana meno 28 membamba kama sindano, na kuanzia miezi minne hivi yanaanza kung'oka yakija 42 ya ukubwani. Katika miezi hiyo atatafuna, hapana budi. Mpeni cha kutafuna kilicho chake: kitambaa kilichofungwa fundo, kikaloweshwa na kuwekwa kwenye friza, kinampoza ufizi. Msimpe ndara kuukuu, kwa kuwa hawezi kujua tofauti ya kuukuu na ile ya Idi. Akiuma mkono, mchezo ukome pale pale, mtu ainuke aondoke. Watoto wako wakubwa wawili waelezwe hili kabla hajafika, kwa sababu wao wakipiga kelele na kukimbia, kwake huo ndio mchezo wenyewe.

Chakula ndicho kitakachokusumbua zaidi, na si kwa nyama. Mwezi wa pili hula mara nne kwa siku, kisha tatu, akishapita miezi sita mara mbili. Katika mwaka huo wa kukua mifupa ni vyema apate chakula cha dukani cha mbwa wachanga wa maumbo makubwa. Ni ghali na hakipatikani kila duka, kwa hiyo ulizeni bei kabla ya kusema ndiyo. Wali na dagaa vinashibisha, lakini peke yake havimjengi sawa mbwa anayekua kwa kasi namna hiyo, na aina hii tayari ina maradhi ya viungo vya nyonga na viwiko inayoyarithi. Akishakua, daktari wa mifugo atakuelezeni jinsi ya kumpikia: wali, samaki asiye na miba, maini kidogo, boga, bila ya chumvi na viungo.

Na Labrador hashibi. Hili watu walilichukulia kuwa ni tabia, mpaka mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipogundua kuwa karibu mmoja katika kila wanne ana kasoro katika jeni moja, yaani chembe ya urithi, jeni la POMC, linalohusika na kumwambia mwili kuwa umeshiba. Atakutazama kwa macho yale unayoyasifu kwenye picha, na mama mkwe, kwa huruma yake, atamtupia kipande cha mkate, na mtoto atampa andazi, na mwaka wa pili mnaye mbwa mnene anayehema akitembea hatua kumi. Kipimo ni mbavu. Ukipitisha kiganja ubavuni uzihisi chini ya ngozi bila kukandamiza, lakini kwa macho usizihesabu.

Sikiliza sana hapa, maana jikoni mwetu ndimo hatari ilimo. Mabaki ya pilau na biriani asipewe. Yana vitunguu maji na vitunguu thomu, vinavyoharibu damu ya mbwa, na mara nyingi yana zabibu, ambazo zinaweza kumuua figo. Chokoleti nayo sumu. Mifupa ya kuku aliyepikwa hupasuka vipande vyenye ncha vikatoboa utumbo. Msimu wa maembe muokote kokwa zote uwani, kwa kuwa Labrador humeza asichoweza kukitoa, na kokwa ya embe ikikwama tumboni dawa yake ni kisu cha daktari. Makumbi ya nazi vivyo hivyo. Na pwani mumwangalie na bunju waliotupwa na wavuvi mchangani; bunju anamuua mbwa kama anavyomuua mtu.

Joto. Huyu kavaa koti mbili za manyoya, ya ndani nzito ya kuzuia maji baridi ya Kanada, na nyinyi mnamleta Unguja. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, atembezwe baada ya sala ya alfajiri na baada ya magharibi, si mchana kabisa. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami au mchanga. Ukishindwa kukiacha hapo, nyayo zake nazo zitaungua. Awe na kivuli na maji muda wote. Ukimuona anahema kwa nguvu bila kupumzika, mate yananing'inia mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana na anapepesuka, usingoje mtu wa kukushauri. Mwingize kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee au muwashie feni, na muanze safari ya kwa daktari huku mnaendelea kumlowesha. Wala msimnyoe mkidhani mnamsaidia. Manyoya yale yanazuia jua pia. Apigwe brashi, tena mara nyingi, kwa sababu hupukutika mwaka mzima na mtayakuta mpaka kwenye chai.

Furaha yake kubwa itakuwa bahari, na hapo mtampenda. Ana ngozi kati ya vidole na mkia mnene kama usukani, anaogelea kama aliyezaliwa humo. Ajifunze taratibu, penye maji madogo. Mkitoka asuuzwe kwa maji ya mfereji, na masikio yafutwe yakauke ndani, kwa kuwa sikio lililolala na kubaki na maji huoza. Akienda awe na kamba. Watu wetu wengi wanaogopa mbwa na wana haki ya kutembea pwani yao bila kurukiwa, na kule Paje na Jambiani kina mama wana mwani wao kwenye vigingi. Mbwa mmoja anayekimbia huku na huko anaweza kukata kazi ya wiki nzima.

Daktari wa mifugo muwe mmeshamjua kabla ya siku ya kumchukua. Chanjo za parvo na distempa, maradhi ya virusi yanayoua mbwa, huanza wiki ya sita mpaka ya nane, zikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize miezi minne. Muulizeni bosi kama kashaanza, na mpewe kadi. Parvo humuua mbwa mchanga kwa siku chache, kwa kuharisha damu na kutapika, kwa hiyo kabla chanjo hazijatimia asitembezwe penye mbwa wasiojulikana. Abebwe mikononi aone watu, pikipiki, mbuzi, mvua, kelele za mtaa, kwa kuwa anachokizoea kabla ya miezi minne hakitamtisha ukubwani. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutiwa akitimiza miezi mitatu na hurudiwa kama daktari atakavyosema. Hiyo si ya hiari. Pemba wanajua: chanjo zilipofanywa kwa mfululizo kichaa kilitoweka kisiwani mwaka 2014, zikalegea, mwaka 2016 kikarudi na watu wakaumwa, ikabidi kuchanja upya kwa nguvu mpaka kikaondoka tena mwaka 2018. Mbwa wako mmoja ni sehemu ya ukuta huo.

Dawa ya minyoo atapewa kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na hii ni kwa ajili ya watoto wako pia, kwa kuwa minyoo ya mbwa inawapata wanaochezea mchanga. Kupe mtamtafuta kwa mikono, ndani ya masikio na kati ya vidole. Kupe wa hapa huleta homa inayomaliza damu, na ufizi mweupe ndiyo dalili ya kukimbilia. Dawa ya kupe iwe aliyoipima daktari. Ile ya kuogeshea ng'ombe isipakwe kwa kukisia.

Kama mama ataridhia, mpangilio wa nyumba ubadilike kabla hajaingia. Bomba la udhu lihamishwe au lizungushiwe ukuta mfupi wenye kilango. Upande wa chumba cha mama uwe na uzio ambao mbwa hauvuki hata siku moja, tangu siku ya kwanza. Kamba ya nguo ipande juu. Anayemshughulikia awe na nguo zake za kazi hiyo, na ndoo ya udongo safi ikae pembeni ya mfereji kwa ajili ya kuoshea panaporambwa. Msala wa mama usianikwe tena uwani. Haya si mambo ya “tutaona akishafika”. Akishafika, mtakuwa mnakimbizana naye.

Namna ya kuyasema ndiyo kitu ulichoniuliza hasa. Usiwe wewe wa kumwendea mama mkwe, wala usiwe wa kumpelekea mumeo kauli ya mama yake. Ukiwa mjumbe kati yao, lawama itakuwa yako upande wowote jambo litakapoangukia. Mwambie mumeo Alkhamis akirudi, watoto wakishalala: “Nimeuliza. Mbwa huyu si mlinzi, na asubuhi atakayekaa naye ni mama. Zungumza naye wewe.” Kisha umuachie, na Ijumaa baada ya sala akae na mama yake, asikilize zaidi kuliko kusema. Mama akisema hapana, iwe hapana, na asiulizwe mara ya pili na mjukuu aliyetumwa. Watoto nao waambiwe kweli na baba yao, kwa sababu yeye ndiye aliyewaonesha picha.

Na kama ni hapana, bosi aambiwe Jumamosi hiyo hiyo. Pwani ya mashariki nimewaona mbwa wenye mikanda mizuri shingoni wakipekua jaa nyuma ya mahoteli, wenyewe wameshapanda ndege. Inaniuma kila nikiwaona. Bosi akijua mapema, anao muda wa kumtafutia mbwa huyo nyumba nyengine, penye mtu anayeshinda nyumbani na asiyejali kulambwa, na muda wa kushughulikia vibali vya kuondoka na yule jike, maana watoto wa mbwa mnawazungumza nyote na mama yao sijasikia mtu kamtaja.